Bakuli Nililolisifu

Mwezi uliopita nilikwenda Vitongoji kwenye harusi ya mjukuu wa Rukia, na wali ukaletwa ndani ya visahani vyembamba vya plastiki, vile vya kuliwa mara moja na kutupwa. Mchuzi ulipomiminwa juu yake kisahani kikanywea, na mama mmoja aliyekaa ubavuni kwangu akapata doa la bizari kwenye buibui jipya. Mimi na Rukia tukatazamana. Tuna miaka arubaini na kitu tunatazamana hivyo kwenye shughuli za watu, na kila mmoja anajua mwenzake anafikiri nini. Siku ile Rukia alikuwa mwenye shughuli na hakutaka kucheka mbele ya wageni, basi akaniinamia sikioni akasema, "Angekuwapo Bi Raya leo, angevua ushungi akaenda zake Madungu, akarudi na mabakuli kichwani." Nikacheka hadi nikapaliwa na wali. Niliporudi nyumbani nilitoa mabakuli yangu manne ya kale, nikayaosha yote ingawa hayakuwa machafu, nikakaa nayo uani nikikumbuka mwaka mmoja ambao ulinifanya niwe mtu niliye. Mkwe wangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ninafurahi, na mtu mzima akifurahi peke yake watu hudhani ana homa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza skuli, na nilikaa Madungu nyumbani kwa Bi Raya, bibi yake Rukia mzaa mama. Kwa nini nilikaa kwake na si kwetu, hiyo ni habari nyengine, na wahusika wake baadhi wangali hai na ni wakali. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Kile kikubwa, ambacho mtu mwengine angetia kitanda cha samadari na kioo, Bi Raya alikitia mabakuli. Ukutani mlikuwa na madaka, vile vishubaka walivyovichimba wajenzi wa zamani ndani ya kuta nene, na kila daka lilikuwa na bakuli lake. Yaliyozidi yalipangwa chini juu ya mkeka na kufunikwa kanga kuukuu. Yalikuwamo meupe yenye maua ya buluu, yaliyokuja kwa merikebu kabla bibi yake Bi Raya hajazaliwa. Yalikuwamo yenye mawaridi mekundu na ukingo wa dhahabu uliofutika kwa kuoshwa. Lilikuwamo moja lililopasuka vipande viwili na kushonwa na fundi wa zamani kwa vijipingu vya waya, na hilo ndilo Bi Raya alilolipenda kuliko yote, kwa sababu, alisema, limekufa na limefufuka. Aliyapa majina ya mahali alipoyapata: Ole, Mtambwe, Kojani, Wambaa. Ukimsikia asubuhi akisema, "Rukia, niletee Kojani, na Mtambwe mpe Siti," ungedhani anapanga safari ya kuzunguka kisiwa kizima, kumbe anapanga futari. Siti ndiye mimi.

Hakuyapata kwa urithi. Aliyakusanya mwenyewe kwa miaka, kijiji baada ya kijiji, akibadilishana: yeye anachukua bakuli la kale, mwenyewe anapewa mawili mapya ya bati yenye kupakwa rangi, yasiyovunjika. Wakati ule watu walikuwa wakiyapenda mapya. Mtu aliona fahari kupata chombo kisichovunjika hata kikianguka kisimani. Bi Raya aliligonga bakuli kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, na uso wake wote ukatulia. Zima hulia na sauti ikakaa. Lenye ufa wa ndani hukohoa. Lakini asidhani mtu kwamba aliyaweka ya kutazamwa. Siku hizi naona vyombo kama vile kwenye maduka ya mjini Unguja, vimebandikwa ukutani kwa misumari ya pembeni, na wageni wanavipiga picha. Bi Raya angelia. Nyumbani kwake tulikula humo kila siku, hata kisamvu, hata muhogo uliobaki jana, na mtaa mzima uliazima: penye harusi, penye khitma, penye maulidi, watoto walipanda kilima wakasema wametumwa mabakuli kumi, wakapewa kumi, na kila moja lilikuwa na nukta ya rangi ya kucha chini ya kitako ili lisipotee. Mengine yakavunjwa, na akasikitika nusu siku, kisha akasema, "Bakuli lisiloliwa ni ukuta tu," akaendelea kupika.

Mkwe wangu anataka niyatie yangu manne kwenye kabati la kioo. Ni msichana mzuri, nampenda, na kila Ijumaa namtilia wali humo makusudi ili ayazoee. Anakula kwa hofu, ameshikilia ukingo kwa mikono miwili.

Mwaka ule magoti ya Bi Raya yalikataa safari. Rukia naye bahari ilikuwa inamtapisha hata akiiangalia tu kutoka Mkoani. Basi kazi ya kwenda kutafuta mabakuli ikaniangukia mimi, nami niliipokea kama cheo. Kabla ya safari ya kwanza Bi Raya alinikalisha kitako kwenye mkeka, kati ya mabakuli yake, akanifundisha. Usiombe bakuli, omba maji. Ukiletewa chakula, kula, usikatae. Ukiliona bakuli, liulizie habari zake polepole, unavyomuulizia mzee. Mwenyewe akisema, "Hilo la bibi yetu," liache, usilitazame tena. Akisema, "Hilo limekaa tu," hapo ndipo utoe yako ya bati. "Na usisifu," alisema. "Sifa watia moyoni. Ulimi wako ukikuwasha, useme mashaallah kwanza, kisha uume meno." Nikaitikia naam, naam. Nilikuwa nimeshafikiria kanga gani nitavaa.

Safari tatu za kwanza nilifanya vizuri. Nilirudi na bakuli kutoka Kengeja na jengine kutoka Chokocho, na Bi Raya alivyoyagonga na kucheka, mimi nilijiona nimeshahitimu. Safari ya nne ilikuwa kisiwani Makoongwe. Nilivuka asubuhi kutoka Mkoani na akina mama waliokuwa wakirudi kutoka sokoni, na mmoja wao akanionesha nyumba ya Bi Chumu, mkunga wa kienyeji, kwa sababu, alisema, ukifika Makoongwe bila kuamkia kwa Bi Chumu huhesabiwi umefika. Bi Chumu alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia shikamoo, nikaomba maji, nikaambiwa nikae. Karibu na mlango alikaa mjukuu wake, Mize, kijana wa miaka ishirini hivi, mja mzito wa miezi saba au minane, amenyoosha miguu, anasuka ukili. Mumewe alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi. Chakula kikaletwa kimefunikwa kawa: ndizi za nazi na pweza. Bi Chumu akaliinua kawa, nami nikaliona bakuli.

Sitaweza kulieleza likaeleweka. Lilikuwa pana, la kijani ya majani machanga ya mgomba, halina ua hata moja, na ule mchuzi mweupe wa nazi ulikaa ndani yake kama umezaliwa humo. Sikuwahi kuona rangi ile kwenye madaka ya Bi Raya wala popote. Nikasema kwa sauti, kama mtu aliyechomwa mwiba, "Lo! Bakuli zuri hili! Sijaona zuri kama hili Pemba nzima!"

Mize aliacha kusuka. Bi Chumu hakubadilika uso hata kidogo. "Kula, mwanangu," alisema. Nikala, na chakula kilikuwa kitamu, na mimi mjinga nilikuwa naendelea kulitazama bakuli kadiri linavyoonekana chini ya ndizi. Nilipomaliza, Bi Chumu akalichukua, akalisuuza mwenyewe, akalifuta kwa upindo wa kanga, akalifunga ndani ya kitambaa safi akaniwekea mapajani. "Lishakuwa lako," alisema. Nikasema hapana, Bibi, nami nikatoa yale yangu mawili ya bati. Akayasukuma pembeni kwa mkono. "Sikuuliza badala. Chukua, wende nalo salama." Nikadhani ni ukarimu. Wallahi nilidhani nimekutana na mtu mkarimu kuliko wote kisiwani, na njia nzima nilijisifu kwamba uso wangu una baraka. Kitu kimoja tu kilinikaa vibaya: Mize alilifuata lile furushi kwa macho mpaka nilipotoka mlangoni, na hakuniaga.

Bi Raya alilifungua jioni ile ukumbini. Aliligonga, likalia kwa muda mrefu, na Rukia akasema, "Mashaallah, mashaallah," mara mbili, tena upesi. Bi Raya hakucheka. Aliligeuza, akaliinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole ndani, kwenye kitako. Palikuwa na umanjano hafifu pale, kama kivuli, usiotoka kwa kuoshwa. "Hili la zafarani," alisema. "Hili huandikwa kombe." Kombe ni zile aya ambazo maalim huandika kwa zafarani ndani ya chombo, zikasuuzwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa au mzazi akanywa yale maji. Akaniuliza nilimwambia nini mwenye bakuli hata akanipa. Nikasema. Akauliza kama nilitanguliza mashaallah. Nikasema sikutanguliza. Akauliza kama ndani ya nyumba ile palikuwa na mja mzito.

"Yupo," nikasema. "Mjukuu wake."

Bi Raya alikaa kitako polepole, magoti yakilia. "Ulimi uliponza kichwa," alisema. "Na wako haukuponza chako, umeponza cha mwana wa watu."

Nilijua mila ile toka utotoni, kila mtu kwetu anaijua, ila sikuwahi kuwa upande wake mbaya. Kitu kikishasifiwa na mgeni bila jina la Mungu, nyumba haina raha nacho tena. Watu husema kimeingia jicho: kitapasuka, au atakayekitumia atapata dhara. Dawa ni kukitoa kwa yule aliyekisifu, tena kwa uso mkunjufu, bila kuonesha kwamba umeumia. Ndivyo alivyofanya Bi Chumu. Siku ya pili Bi Raya alimtuma mtu wa Mkoani akaulize habari, na jawabu likaja: bakuli lile lilikuwa la bibi yake Bi Chumu, na mtoto hakuzaliwa nyumba ile bila mama yake kunywa kombe humo. Mize alikuwa ameshapoteza mimba mbili changa. Hii ya tatu ilikuwa imefika mbali, na yule binti alikuwa akiyahesabu masiku akilitazama lile daka. Sasa daka lilikuwa tupu.

Nisikilize, msomaji, kabla hujasema ningelirudisha tu basi. Zawadi hairudishwi. Kumwambia Bi Chumu "Chukua bakuli lako" ni kumwambia usoni, "Nimejua hukutoa kwa moyo, ulitoa kwa khofu." Angefedheheka, na asingelipokea. Bi Raya akafikiria usiku na mchana, akapata hila. Akapika bokoboko la nyama, akalitia ndani ya bakuli la kijani, akalifunika kawa, akanipa. "Wapeleka chakula tu," alisema. "Kikifika kimefika. Bakuli litabaki huko lenyewe."

Halikubaki. Bi Chumu alipokea bokoboko kwa shukurani nyingi, wakala wote nami nikiwapo, na Mize akala vijiko viwili bila kuinua macho. Kisha Bi Chumu akaingia jikoni akatoka na bakuli lile lile, limejaa pweza mkavu, limefungwa. "Mkono mtupu haulambwi," alisema. Nikarudi Madungu na bakuli na pweza. Rukia alicheka akalala chini. Tulikula pweza ule siku nne, na kila tonge lilikuwa linanikaba.

Mara ya pili niliamua kutumia akili zangu mwenyewe, na hapo ndipo mtu hujua kiasi cha akili zake. Bi Raya alipika mkate wa kumimina. Nikaufikisha ndani ya bakuli, nikaamkia, nikasema nina haraka, mashua inaondoka, nikatoka mbio kabla chombo hakijamiminwa. Nilikimbia mpaka ufukweni, viatu mkononi. Niliporudi nilimwambia Bi Raya kwamba safari hii limebaki, na nilikula chakula changu cha usiku kwa raha kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Siku ya pili yake, saa nne, kengele ya baiskeli ikalia mlangoni. Mzee mmoja wa Mkoani akashuka, amefunga mzigo nyuma kwa mpira, anatota jasho kwa kile kilima cha Madungu. "Bi Chumu akusalimu," alisema. "Asema yule mtoto mwenye haraka kasahau chombo chake." Ndani mlikuwa na ngonda, papa mkavu wa kutosha harusi. Rukia safari hii hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ya Rukia ni kitu kinachoogopesha.

Mwaka ule niliwasikiliza sana wakubwa wakizungumza, kwa sababu chumba chetu mimi na Rukia kilipakana na ukumbi, na ukuta ulikuwa mnene lakini dirisha la ndani halikuwa na ubao. Jioni ile, mara tu baada ya sala ya magharibi, nilimsikia Bi Raya akizungumza na jirani yake wakichambua mchele. Jirani alisema, "Yule mtoto mwache, mdogo yule, atasahau." Bi Raya akasema, "Sitaki asahau. Nataka atengeneze." Akapepeta ungo. Halafu akasema, "Kosa ni langu. Nimekusanya vyombo vya watu miaka yote hii, sikumuuliza hata mmoja baada ya kukitoa alilala vipi." Nilikuwa sijawahi kumsikia akijilaumu. Nililia kwa kimya, Rukia akanipa upindo wa shuka yake nifutie pua. Tangu hapo Bi Raya hakuongeza bakuli jengine kwenye chumba kile, na mtu akija na la kuuza alimwambia arudi nalo kwao akalile.

Baada ya siku chache aliniita. Alikuwa ametia ndani ya bakuli mchele, sukari, pilipili manga, tangawizi na chupa ndogo ya samli, vitu vya uji wa mzazi, vyote vibichi. Kando yake ameweka nguo zangu, amezikunja kwenye pakacha. "Vibichi havimiminwi vikarudishiwa chombo siku hiyo hiyo," alisema. "Na weye hurudi siku hiyo hiyo. Wenda ukakae. Ukiulizwa, sema Bi Raya kakutuma ukamsaidie mzazi kuni na maji, mpaka atoke arubaini." Nikauliza bakuli nitalitoa vipi. "Mie sijui," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema neno hilo.

Nilivuka nikiwa nimelipakata bakuli tumboni. Nilipokaribia nyumba nilisikia kilio kidogo, cha mtoto mchanga, kikali, kina hasira. Mize alikuwa amejifungua usiku wa juzi yake, wiki tatu kabla ya hesabu ya bibi yake. Nikaingia nikamkuta amelala kitandani, amefungwa tumbo, mtoto wa kike ubavuni kwake, mzima, ana nywele mpaka kwenye paji la uso. Juu ya kasha palikuwa na bakuli la bati, moja katika yale mawili yangu ambayo kumbe yalibaki pale siku ya kwanza, lina picha ya jogoo, na ndani yake mna michirizi ya zafarani. Maalim aliitiwa haraka, na akaandika kombe humo, kwa sababu hapakuwa na chengine karibu.

Nikakaa kitako sakafuni na bakuli langu, nikalia mbele yao kama mtoto. Nilisema yote. Nilisema sikutanguliza mashaallah, nilisema nilijua na nilisahau, nilisema nimekuwa nikiogopa kila siku kwamba atakufa kwa ulimi wangu. Mize aliinua kichwa. "Walia nini?" alisema. "Mtoto huyu hapa. Kanywa jogoo, kesho atawika." Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akacheka tena. Ndiyo mara ya kwanza aliyosema nami.

Bi Chumu hakucheka. "Mie nilikuchukia," alisema. "Siku ile, na siku mbili tatu baada yake. Nilikutilia chakula hali nimekuchukia. Mungu anisamehe." Alilisema bila kupandisha sauti, akiendelea kukunja vitambaa vya mtoto. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu mzima, wazi, na cha ajabu kilinipa raha. Nilijua sasa pa kuanzia.

Basi nikakaa. Lakini vile vibichi vilipomiminwa, bakuli lilirudi kwenye kitambaa chake, juu ya pakacha langu, kwa sababu lilikuwa langu, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyelinyooshea mkono. Mimi sikuthubutu kulitia dakani; daka la mtu halitiwi kitu na mgeni. Na mgeni nilikuwa. Kila asubuhi niliamka kabla ya alfajiri nikateka maji, nikarudi, Bi Chumu akasema, "Karibu, mgeni." Nikileta kuni, karibu, mgeni. Sikuachiwa kuosha hata kijiko. Nilikula peke yangu, kwenye mkeka mzuri, sahani nzuri, na niliwasikia wao wawili jikoni wakila na kuzozana juu ya chumvi, nikatamani sana nami nizozane nao. Nilijifunza kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, kumpaka mtoto mafuta ya nazi, kumjua kwa kilio chake kama ana njaa au ana gesi. Mikono yangu ilipenda kazi ile kabla mimi mwenyewe sijajua. Baadaye nilikwenda kuisomea, na nikaifanya maisha yangu yote mpaka nilipostaafu, lakini skuli ya kwanza ilikuwa pale.

Siku ya kumi na moja Bi Chumu aliitwa kijiji cha pili kwa mzazi mwengine, akaondoka asubuhi. Mtoto hakulala, Mize hakulala, mimi nilipika uji kwa mkono mmoja. Ulipoiva nikatafuta chombo. Kile cha Mize kilikuwa kimelowekwa vitambaa, sahani zote zilikuwa chafu kwenye karai, na yeye alikuwa ameniita mara mbili, "Siti, n'na njaa, jamani." Sikufikiri. Nikafungua kitambaa, nikasema mashaallah kwa sauti, nikamimina uji ndani ya bakuli la kijani nikampelekea. Alilishika kwa mikono miwili. Alikunywa wote, akalamba ukingo, akaliweka ubavuni, akalala na mtoto kifuani, wote wawili midomo wazi. Nami usingizi ukanichukua nimeegemea ukuta.

Niliamshwa na kivuli. Bi Chumu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba mkononi, ana vumbi la njia nzima. Alimtazama Mize. Alilitazama bakuli lililokaukia uji. Alinitazama mimi, muda mrefu. Kisha akatupa mkoba juu ya kasha.

"Na weye Siti," alisema, "walala na chombo kichafu hapa hata sisimizi wamekuja? Alaa! Huna mikono? Inuka ukalioshe, ulitie dakani kwake. Tena kwa majivu, si kwa mchanga, usije ukanilichubua. Halafu uje unikunie nazi, n'na njaa mie."

Niliinuka mbio. Nililiosha kwa majivu, nikalisuuza mara tatu, nikalifuta kwa upindo wa kanga yangu, nikalitia dakani. Nikalishikilia kidogo kabla ya kuliachia. Jikoni Bi Chumu aliendelea kunigombeza, kuhusu karai la vyombo, kuhusu moto nilioacha ukafa, kuhusu vijana wa siku hizi. Nikakaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, nikicheka na kulia pamoja, na akaniuliza kama nina wazimu. Usiku tulikula watatu kwenye sinia moja, na tukagombana juu ya chumvi. Kutoka siku ile mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, niliingia nyumba ile mara zisizohesabika, na hakuna aliyeniambia karibu tena.